Kilimia na Ng'ombe wa Mbinguni

Katika buruji kumi na mbili zihesabiwazo na wanajimu, ya pili ni Thauri, yaani Ng'ombe. Jina lake ni la Kiarabu, picha yake ni ya Babeli, na hadithi zake mashuhuri ni za Wayunani. Kwa hiyo mwanafunzi aisomapo huidhania kuwa ni mali ya wageni tupu, iliyofika pwani yetu jahazini pamoja na tende na mazulia. Walakini juu ya bega la ng'ombe huyu pana kishada kidogo cha nyota ambacho Mswahili hakukiita kwa jina la kuazima. Alikiita Kilimia. Makala haya yataka kuonyesha ya kuwa jina hilo moja ni hati ya historia, kongwe kuliko karatasi yoyote iliyoandikwa mwambao huu, na ya kwamba atakaye kujua elimu ya nyota ya wakulima na mabaharia wetu hana budi kuanzia kwenye Kilimia kabla ya kufika kwenye Thauri.

Kila aitazamaye mbingu hana budi kusimama mahali fulani, maana nyota zile zile hazionekani sawa kila nchi. Mahali tutakapopachagua ni Kilambo, karibu na mlango wa mto Ruvuma, kusini ya mji wa Mtwara. Hapa ndipo watu wavukapo kwenda Namoto upande wa Msumbiji, na ndipo nchi ya Tanzania inapokwisha. Kaskazini yake ziko Msimbati na Ghuba ya Mnazi, na mbele zaidi Mikindani, bandari ya kale ya majahazi ambako David Livingstone alishukia mwezi wa Machi 1866 alipoanza safari yake ya mwisho ya bara. Mpaka wa hapa ni kazi ya Wazungu: Wajerumani na Wareno walipatana mwaka 1886 kuwa Ruvuma iwe mpaka wao, Wajerumani wakaitwaa Kionga, kusini ya mlango wa mto, mwaka 1894, Wareno wakairudisha mikononi mwao mwaka 1916, na mkataba wa 1919 ukawathibitishia. Wakulima na wavuvi wa kando zote mbili waliendelea kulima mabonde yale yale na kungojea mvua zile zile chini ya nyota zile zile.

Tumepachagua Kilambo kwa sababu tatu. Kwanza, hapa mkulima na baharia ni jirani, na mara nyingi ni mtu mmoja: mpunga bondeni, muhogo na mikorosho juu, na nyavu mtoni na baharini. Pili, hapa pana msimu mmoja tu wa mvua, uanzao mwishoni mwa Novemba au Desemba na kwisha Aprili au mapema Mei. Hapana vuli na masika mbalimbali kama Unguja na Mombasa. Tatu, mahali hapa pako nyuzi kumi na nusu kusini ya Ikweta, na jambo hilo peke yake hubadili sura ya mbingu nzima.

Basi na tuitazame Thauri kutoka Kilambo. Katika miezi ya Desemba na Januari, usiku usipokuwa na mawingu, mtazamaji aelekee kaskazini. Ataona nyota moja yenye wekundu, iitwayo Dabarani, na karibu nayo nyota ndogo zilizojipanga mfano wa kabari. Kabari hiyo ndiyo uso wa ng'ombe, na Dabarani ndiyo jicho lake. Upande wa kuume ziko nyota mbili zilizo ncha za pembe. Upande wa kushoto kiko kishada cha Kilimia. Lakini ng'ombe mwenyewe yuko kichwa chini miguu juu. Waliomchora waliishi kaskazini, wakimtazama kwa kuelekea kusini. Sisi tumtazamao kwa kuelekea kaskazini twamwona amepinduka. Jambo hili ni dogo, lakini lafundisha: picha ya ng'ombe haikuzaliwa katika latitudo zetu, na mtu wa Ruvuma asiyeambiwa hangemwona ng'ombe pale. Kishada cha Kilimia, kinyume chake, hakina juu wala chini. Ni kishada tu, kokote kitazamwapo.

Wataalamu wa leo wametufunulia mengi juu ya nyota hizi. Dabarani iko mbali nasi kiasi cha miaka 65 ya mwendo wa nuru, na upana wake ni zaidi ya mara arobaini ya upana wa jua letu. Nyota za kabari, ziitwazo Hiadi, ziko umbali wa miaka 150 hivi ya nuru. Kwa hiyo Dabarani si mwenzao, ila imesimama njiani tu kati yetu na wao. Kilimia kiko mbali zaidi, yapata miaka 440 ya nuru, na nyota zake ni changa kwa hesabu ya mbingu: umri wake ni kama miaka milioni 100, ambapo jua letu lina miaka zaidi ya milioni elfu nne na mia tano. Macho matupu huona nyota sita, na mwenye macho makali huona zaidi. Galileo alipoelekeza darubini yake huko alichora nyota 36 katika kitabu chake cha mwaka 1610. Sasa zimehesabiwa zaidi ya elfu moja.

Ama kuhusu ng'ombe, asili yake ni nchi ya mito miwili, Frati na Hidekeli. Watu wa Babeli walimwita Ng'ombe wa Mbinguni. Katika masimulizi ya Gilgamesh, mungu mke Ishtar alikataliwa na shujaa huyo, akamwendea baba yake Anu kuomba apewe Ng'ombe wa Mbinguni aje kuangamiza nchi. Lakini Gilgamesh na rafiki yake Enkidu wakamwua. Mabamba ya udongo yaitwayo MUL.APIN, yaliyotungwa yapata miaka elfu moja kabla ya Kristo, yaorodhesha nyota zilizo katika njia ya mwezi, na ya kwanza katika orodha ni kishada hiki hiki cha Kilimia. Sababu yake ni ya hesabu: miaka elfu mbili na kitu kabla ya Kristo, jua lilikuwa karibu na kishada hiki siku ya mlingano wa usiku na mchana wa mwezi wa Machi, siku iliyoufungua mwaka wao. Wayunani walipompokea ng'ombe walimvika hadithi nyingine: kwamba Zeus alijigeuza fahali mweupe akamchukua binti mfalme Europa mgongoni, akavuka naye bahari mpaka Krete. Na zile nyota za kishada wakazisimulia kuwa ni mabinti saba wa Atlas wakimbiao mwindaji Orion.

Waarabu nao walikuwa na jina lao la kale la kishada hicho, Thuraya, na nyota nyekundu iifuatayo waliiita Dabarani, maana yake mfuasi, kwa kuwa huzuka nyuma ya Thuraya na kuiandama usiku kucha. Katika manazili 28 za mwezi, Thuraya ni ya tatu. Abdurrahmani as-Sufi, katika kitabu chake cha nyota thabiti cha mwaka 964, aliziunganisha elimu mbili: buruji za Wayunani na majina ya Waarabu wa jangwani. Kwa njia ya vitabu vya namna hiyo, na kwa njia ya Kurani yenyewe, ambayo sura yake ya 85 yaitwa Al-Buruji, wanavyuoni wa pwani walizijua buruji zote kumi na mbili: Hamali, Thauri, Jauza, Saratani, Asadi, Sumbula, Mizani, Akarabu, Kausi, Jadi, Dalu na Hutu. Baadhi ya wafasiri husema hata ile nyota iliyoapiwa katika sura ya 53 ni Thuraya. Kwa hiyo mtu msomi wa Mikindani au Kilwa alikuwa na majina mawili ya kishada kimoja: la kitabuni, Thuraya, na la shambani, Kilimia.

Sasa tufike kwenye jina la shambani, maana hapa ndipo penye uzito wa maneno yetu. Kilimia latokana na kitenzi lima, likanyambuliwa kuwa limia. Kilimia ni kitu cha kulimia, yaani kiongozi cha kilimo. Johann Ludwig Krapf aliliingiza neno hili katika kamusi yake iliyochapwa mwaka 1882. Lakini umri wake haupimwi kwa kamusi. Na tulilinganishe na lugha za jamaa zetu. Wazulu na Waxhosa hukiita kishada hicho hicho isiLimela. Wasotho hukiita Selemela, Wavenda Tshilimela, na Watsonga Xirimelo. Viambishi vya mwanzo ki-, isi-, se-, tshi- na xi- vyote ni vya ngeli moja, na shina ni moja, lima. Haiwezekani kwamba mataifa haya yote yalikaa mahali pamoja yakaafikiana kuiita nyota kwa jina la jembe. Wala hapana jahazi lililolichukua neno hili likalipeleka milimani kwa Wasotho. Neno hili limerithiwa.

Ushahidi wa pili umo ndani ya Kiswahili chenyewe. Katika lugha nyingi za jamaa zetu, kauli ya kutendea huwa na sauti l: limila au limela. Kiswahili kimeiacha l hiyo katikati ya irabu, tukapata limia, kama tulivyopata imbia na pigia. Isilimela ya Wazulu yaihifadhi l. Kilimia chetu kimeipoteza. Maana yake ni kwamba neno hili lilikuwa kinywani mwa wazee wetu kabla sauti hiyo haijadondoka, likapita katika badiliko hilo pamoja na maneno mengine ya kila siku. Neno lililoletwa baadaye na wageni halina kovu la namna hiyo. Mtu na alinganishe Thauri, ambayo hata leo imebaki na th ya Kiarabu. Basi wale wasemao kwamba mtu wa pwani hakuwa na elimu ya nyota mpaka alipofundishwa na wageni wamelisahau neno hili. Wakulima wasemao lugha za Kibantu walikwisha kuenea pwani hii na kusini yake katika karne za kwanza baada ya Kristo, na Kilimia walikuja nacho.

Yafaa tuulize: kwa nini taifa moja lilione fungu hilo la mbingu kama ng'ombe, na lingine lilione kama jembe? Jibu moja liko ardhini. Watu wa Babeli, Misri na Uyunani walilima kwa plau ikokotwayo na maksai. Kwao ng'ombe na kilimo ni jambo moja, na haikuwa ajabu wamweke ng'ombe kwenye mlango wa mwaka. Mabonde na misitu ya kusini ya Tanzania ni makao ya mbung'o, na mbung'o huua ng'ombe. Kwa hiyo mkulima wa Ruvuma alilima kwa mkono na jembe, wala hakuwa na zizi. Hangeweza kumpandisha mbinguni mnyama asiyemfuga chini. Lakini tukitazama kwa makini twaona kwamba mataifa haya yalikuwa yakisema neno moja kwa picha mbili: fungu hili la mbingu ni saa ya mkulima.

Na saa hiyo ilihitajiwa sana pwani, kwa kuwa kalenda nyingine mbili zilizokuwapo hazikumfaa mkulima peke yake. Ya kwanza ni mwaka wa Kiislamu, ufuatao mwezi mwandamo. Huu ndio wa ibada, nao ni mfupi kuliko mwaka wa jua kwa siku kumi au kumi na moja; kwa hiyo Ramadhani huzunguka misimu yote katika muda wa miaka 33 hivi, na hapana awezaye kupanda mpunga kwa mwezi wa Rajabu. Ya pili ni mwaka wa Nairuzi, wenye asili ya Kiajemi, uliotumiwa na mabaharia na wakulima wa pwani na ambao sherehe yake bado yaonekana Makunduchi, Unguja, kila Julai katika Mwaka Kogwa. Mwaka huu una siku 365, zilizogawanywa katika miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano za nyongeza. Ni hesabu nzuri, lakini haina siku ya kusahihisha robo ya siku ibakiayo kila mwaka. Hivyo hurudi nyuma siku moja katika kila miaka minne, yaani siku 24 hivi katika karne. Mwongo aliopandia babu si mwongo wa kupandia mjukuu.

Kilimia kilikuwa imara kuliko zote mbili. Nacho husogea, kwa sababu mhimili wa dunia huyumba polepole katika mzunguko wa miaka 26,000 hivi. Lakini msogeo huo ni wa siku moja tu katika miaka 71 au 72. Katika maisha ya mtu mmoja ni siku moja. Tangu zama za Kilwa kusitawi, miaka mia saba iliyopita, ni kama siku kumi. Kwa hiyo mzee aliyemwambia mwanawe, tazama Kilimia, alimpa kipimo ambacho mwana angeweza kumpa mjukuu, na mjukuu kitukuu, pasipo kuwapoteza.

Mwendo wa Kilimia katika mwaka ni huu. Mwanzoni mwa Mei huonekana chini sana upande wa magharibi jua likiisha kuchwa, kisha humezwa na mwanga wa jua. Hukaa mafichoni kwa muda wa mwezi na zaidi, kwa maana jua lenyewe hupita karibu nacho yapata tarehe 20 Mei. Katika wiki ya pili ya Juni huzuka tena alfajiri upande wa mashariki. Miezi ipitapo hutangulia kuzuka usiku kwa usiku, mpaka yapata tarehe 20 Novemba, ambapo huchomoza mashariki wakati ule ule jua linapokuchwa magharibi, na kukesha mbinguni usiku kucha.

Mafichoni huko ndiko kulikozaa methali ya pwani isemayo: Kilimia kikizama kwa jua, huzuka kwa mvua, kikizama kwa mvua, huzuka kwa jua. Wengi huitaja kama kanuni ya pwani nzima. Lakini tukiipima kwa misimu twaona kwamba methali hii ina mahali pake pa kuzaliwa. Mombasa na Unguja, Mei ni katikati ya masika. Kilimia huzama mvua zikinyesha na huzuka zikiisha kupungua, na mwaka ambao masika yamechelewa, kikazama kwa jua, bado mkulima ana haki ya kutumaini mvua za Juni. Huko nusu zote mbili za methali zina maana. Kilambo mambo ni mengine. Kilimia huzama mvua za mwaka zikikatika au zikiwa zimekatika, na huzuka wakati wa kusi kavu, ambapo hapana atazamiaye mvua ya maana mpaka mwisho wa mwaka. Nusu ya kwanza ya methali, ile iahidiyo mvua, haina kazi kubwa mlangoni mwa Ruvuma. Kwa hiyo tunaweza kusema kwamba jina Kilimia ni la watu wote, kaskazini na kusini, lakini methali yake ni ya pwani ya kaskazini, ikasafiri kusini pamoja na lugha. Hivyo ndivyo ilivyo desturi ya hekima: neno husafiri haraka kuliko mvua iliyolizaa.

Alama iliyo na maana Kilambo ni ile nyingine, ya Novemba. Kilimia kikichomoza magharibi ya jua ikiingia, kusi imekwisha kufa, kaskazi inaanza kuvuma, mawingu yanajikusanya, na shamba lisilotayarishwa siku hizo litakuwa limechelewa. Hapa pana mlingano wa ajabu na Wayunani. Mshairi Hesiod, aliyeishi yapata miaka 700 kabla ya Kristo, aliwashauri wakulima wavune Pleiadi zinapozuka na walime zinapozama, akataja kwamba hujificha kwa siku arobaini usiku na mchana. Kuzama alikokusudia ni kuzama kwa alfajiri, na huko huwa katika majira yale yale ya mwisho wa mwaka ambapo kishada huchomoza jioni. Basi Myunani akitazama magharibi alfajiri na mtu wa Ruvuma akitazama mashariki jioni walikuwa wakiisoma saa moja; na wote wawili walichukua zana zao wakaenda shambani, mmoja kungojea mvua za baridi, mwingine mvua za joto.

Na baharia je? Kwake Thuraya ilikuwa jina la mwelekeo. Dira ya mabaharia wa Bahari ya Hindi ilikuwa na khani 32, kila moja ikiitwa kwa nyota ichomozayo au ituayo upande huo. Khani ya kuchomoza Thuraya ni ile iliyo kaskazini kidogo ya mashariki halisi. Hapana budi kusema kwamba majina hayo yalikuwa ya mapatano: ukiwa Kilambo utaona Kilimia hasa huchomoza nyuzi 24 hivi kaskazini ya mashariki, mbali na khani yake. Mwanamaji mzoefu alijua kutenga jina la dira na nyota yenyewe. Ahmad ibn Majid, mzaliwa wa Julfar katika nchi ambayo leo ni Ras al-Khaimah, aliyakusanya mambo haya katika kitabu chake cha yapata mwaka 1490, na katika utenzi wake juu ya njia ya Sofala, uliochapwa Leningrad mwaka 1957 na Teodor Shumovsky. Hadithi mashuhuri kwamba ndiye aliyemwongoza Vasco da Gama kutoka Malindi mwaka 1498 imekataliwa na watafiti wengi. Lakini heshima yake haitegemei hadithi hiyo. Yeye na wenzake waliijua bahari iliyo kusini ya Kilwa, ambako jahazi la Arabuni halikuweza kufika na kurudi kwa urahisi katika msimu mmoja wa pepo, na ambako nyota ya Jaha, iongozayo kaskazini, imezama kabisa chini ya upeo. Hapo walipima kwa vidole nyota nyingine, Farkadani na Naashi. Mlango wa Ruvuma umo katika bahari hiyo.

Tukio moja zaidi la Thauri lastahili kutajwa. Mwezi wa Julai 1054, Wachina waliandika kwamba nyota mgeni ilitokea karibu na ncha ya pembe ya kusini ya ng'ombe, ikang'aa hata ikaonekana mchana kwa siku 23, na usiku kwa karibu miaka miwili. Tabibu Ibn Butlan wa Baghdad naye aliitaja nyota mpya ya wakati huo. Ilikuwa ni nyota kubwa iliyopasuka, umbali wa miaka 6,500 hivi ya nuru. Mabaki yake yangali yakitanuka, na mwaka 1968 iligunduliwa ndani yake nyota ndogo izungukayo mara 30 katika sekunde moja. Julai ni msimu wa kusi, na mbingu za kusini ya pwani huwa safi. Nyota hiyo ilichomoza alfajiri juu ya Ruvuma kama juu ya China. Maandishi ya kale ya msikiti wa Kizimkazi, Unguja, yana tarehe ya mwaka 1107, yaani miaka 53 tu baadaye. Ndiyo kusema kwamba pwani ya misikiti ya mawe na maandishi ya Kikufi ilikuwa karibu sana na siku zile.

Lakini elimu ya buruji ilichukua njia nyingine pia, nayo ndiyo iliyoshinda masikioni mwa watu. Ni njia ya falaki ya utabiri: herufi za jina la mtu na la mama yake hupewa hesabu za abjadi, zikajumlishwa na kugawanywa kwa kumi na mbili, na kinachobaki ndicho nyota yake. Kwa hesabu hiyo mtu huambiwa, nyota yako ni ng'ombe, pasipo kuinua macho hata mara moja kumtazama ng'ombe mwenyewe. Marehemu Sheikh Yahya Hussein, aliyefariki Dar es Salaam mwaka 2011, aliipa kazi ya utabiri wa nyota umaarufu mkubwa Afrika Mashariki. Hatuna haja ya kugombana hapa na wapendao mambo hayo. Lakini ni wajibu wetu kusema lililo wazi: wanajimu huhesabu Thauri tangu tarehe 20 Aprili hadi 20 Mei, na siku hizo nyingi jua haliko katika nyota za Thauri, kwa mipaka iliyokubaliwa na wataalamu wa dunia, jua huingia humo tarehe 14 Mei na kutoka tarehe 21 Juni. Hesabu ya wanajimu ilifungwa miaka elfu mbili iliyopita, na mbingu imesogea. Mkulima wa Kilimia, ambaye hakuwa na kitabu, hakuweza kuachwa nyuma namna hiyo, kwa kuwa kila mwaka alilazimika kutoka nje na kutazama.

Wala tusimpe Kilimia sifa isiyo yake. Kilimia hueleza majira. Hakielezi hali ya hewa ya siku. Mwezi wa Aprili 2019, siku chache kabla ya kuzama kwake, Kimbunga Kenneth kilikuja kutoka baharini, na tarehe 25 kikaipiga pwani ya Cabo Delgado, ng'ambo tu ya Ruvuma. Watu wa Mtwara walionywa kwa satelaiti na kwa Mamlaka ya Hali ya Hewa, wakaambiwa wahame sehemu za mabondeni. Nyota haikuonya, na haikupata kudai kwamba yaweza kuonya. Kadhalika, ikiwa mvua zitazidi kubadilika katika miaka ijayo, Kilimia kitaendelea kuzuka siku yake, na mkulima atapaswa kuangalia na mengine.

Basi thamani yake ni ipi leo, ambapo kalenda imetundikwa ukutani na saa imo mfukoni? Ni thamani ya ushahidi. Historia ya pwani imeandikwa mno kwa yale yaliyoingia bandarini: vigae vya China, sarafu, maandishi ya Kikufi, tarikh za masultani. Vitu hivyo ni vya kweli na ni vya thamani, lakini ni vya mji. Mkulima wa bonde la Ruvuma hakuacha sarafu wala kaburi la mawe, aliacha neno. Neno hilo latuambia kwamba kabla ya jahazi la kwanza la biashara kutia nanga Mikindani, palikuwa na watu waliokuwa wamezitazama mbingu miaka mingi, wakachagua kishada kimoja kati ya maelfu ya nyota, wakakipima na mvua zao, wakakipa jina lieleweke na mtoto. Wanafunzi wetu wa lugha wamezoea kukusanya methali na mashairi. Yafaa wakusanye pia majina ya nyota, kijiji kwa kijiji, pande zote mbili za mto, maana wayajuao wanapungua kila mwaka, na majina hayo hayachimbuliwi kwa sururu.

Thauri ni mgeni mheshimiwa, tumempokea na hatumfukuzi. Lakini mwenye nyumba ni Kilimia, na katika elimu ya mbingu ya Waswahili yeye ndiye wa kusalimiwa kwanza.